Tanuri lisilovukutwa: kemia ya chuma cha Ufipa

Kati ya mwaka 1876 na 1878, katika mji wa New Haven nchini Marekani, profesa mmoja mkimya aliyeitwa Josiah Willard Gibbs alichapisha andiko refu ambalo wengi wa wasomaji wake wa kwanza hawakulielewa. Chuo cha Yale kilikuwa kimempa uprofesa mwaka 1871, bila mshahara, na aliendelea hivyo kwa takriban miaka tisa. Maabara haikumvutia sana. Kazi yake ilikuwa hesabu: vitu vikichanganywa na kupashwa moto, ni badiliko lipi litatokea lenyewe, na litaishia wapi?

Miaka hiyohiyo malungu yalikuwa yakiwaka juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa.

Ilungu ni tanuri la udongo lenye kimo cha mita tatu hivi, pana chini na jembamba juu, mithili ya kichuguu kirefu. Kuzunguka kitako chake kuna matundu yaliyopitishwa mirija ya udongo. Ndani hupangwa mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka. Ukishawashwa moto, hakuna anayevukuta. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na ile baridi huvutwa kuingia kupitia mirija ya chini. Urefu wa tanuri ndio unaofanya kazi ya mivukuto.

Si jambo dogo. Mivukuto hutaka vijana wenye misuli wa kupokezana mchana na usiku. Ilungu hutaka subira na mkaa mwingi. Tena Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, ambako msongo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi inayoingia tanurini ina oksijeni pungufu. Moto ulishika hata hivyo.

Kinachotendeka ndani kilichorwa vizuri na Mwingereza Harold Ellingham mwaka 1944, akitumia misingi ya akina Gibbs. Mchoro wake unaonyesha ni kitu gani hung'ang'ania oksijeni zaidi katika kila kiwango cha joto. Joto likipanda, chuma hulegeza mshiko wake, ilhali kaboni inayoungua kuwa kaboni monoksaidi huzidi kukaza wake. Kwenye mchoro, mstari wa chuma na ule wa kaboni hukatana karibu na nyuzi 700 za Selsiasi. Juu ya hapo, mkaa hukinyang'anya chuma oksijeni yake. Chuma chenyewe hakiyeyuki, kwani kingehitaji nyuzi 1,538. Kinachoyeyuka ni uchafu wa mawe, kwenye nyuzi kama 1,200, nao huganda baadaye kuwa mavi ya chuma.

Lakini mchoro huohuo una onyo. Hewa ikizidi, mkaa huungua hadi kuwa hewa ukaa, na chuma kilichokwisha kuachana na oksijeni huirudia. Ilungu linalojivutia hewa lenyewe haliwezi kulikwepa tatizo hilo kabisa. Bonge linalotoka huwa limechanganyika na mavi na vipande vya mkaa, na sehemu ya chuma hupotea.

Hapa ndipo ufundi wa Wafipa unapopendeza zaidi. Bonge lile lilipelekwa kwenye kintengwe, tanuri dogo lisilofika kiuno cha mtu, ambalo sasa lilivukutwa kwa mivukuto. Kazi ya wingi ilifanywa na kimo, kazi ya usafi ikafanywa na mikono. Kutoka hapo chuma kilikwenda kwa mhunzi kugeuzwa jembe, na majembe yalikuwa na wateja: kilimo cha Ufipa cha matuta ya mviringo, yenye nyasi zilizofukiwa ili zioze, hakifanyiki kwa kijiti. Majembe yalitumika pia kulipia mahari.

Kuwaita mafundi hao wanakemia wa nadharia waliomtangulia Gibbs kungekuwa kuwapamba kwa vazi lisilo lao. Hawakuandika milinganyo. Waliliona ilungu kama bibi harusi, wakalipamba na kulitilia dawa, na siku za kazi walijitenga na wake zao. Mtanzania aliyezoea utani wa radi za Sumbawanga atacheka na kusema ni uchawi tu. Masharti hayo, hata hivyo, yaliwaweka mafundi karibu na moto siku zote ambazo ilungu liliwahitaji, na hilo lina faida ambayo mwanakemia yeyote angeikubali.

Nadharia nayo huwa na ugomvi wake. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba Wahaya wa Kagera walipasha hewa joto kabla haijaufikia moto, kwa kuingiza mirija ndani kabisa ya tanuri. Wataalamu wengine walipiga hesabu zao na kukataa: hewa hupita upesi mno ndani ya mrija kuweza kupata joto la maana. Mjadala huo ulidumu miaka mingi.

Ufipa haikuacha kufua chuma kwa sababu kemia ilishindwa. Majembe ya viwandani kutoka nje yalikuja kwa bei nafuu. Padri Wyckaert alieleza kazi ya wahunzi wa huko mwaka 1914 katika jarida la Anthropos, na mwaka 1937 Greig akaandika kuhusu uyeyushaji wa Ufipa katika Tanganyika Notes and Records. Baada ya hapo kazi hiyo ilibaki kwenye kumbukumbu za wazee.

Aliyerudi na koleo ni mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda, aliyekamilisha tasnifu yake kuhusu chuma cha kusini-magharibi mwa Tanzania katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995. Aligundua kwamba malungu hayakuwa peke yake. Kulikuwa na matanuri ya aina nyingine yaliyoitwa katukutu, na ya tatu ya Warongo, mafundi wenye asili ya upande wa Ziwa Victoria. Kila aina iliacha mavi yake, na mavi ya chuma hayaozi. Yakipimwa maabara, kiasi cha chuma kilichosalia humo huonyesha jinsi tanuri lilivyofanikiwa kukitenga chuma na oksijeni, miaka mingi baada ya moto kuzimwa.