Shanta

Hapa Kihonda wengi husema "begi la mgongoni", maneno matatu, wakati neno moja lipo: shanta. Kwa Waarabu shanta ni begi lolote, nao walilipokea kwa Waturuki. Sisi tukalibana, likawa la mgongoni tu, la askari na wasafiri. Nalipenda, nataka lirudi midomoni.

Na anayepanda milima ya Uluguru alichague kwa kutazama upande unaogusa mgongo: wavu uliowambwa kwenye fremu iliyopinda, hewa ipite kati ya wavu na begi, jasho likauke. Lenye sponji tupu, fulana inalowa chapachapa hata Morningside, njiani tu, hujafika. Nafasi ile ya nyuma ya wavu niiteje? Mwanya wa hewa. Wasukaji wa matenga wanaujua zamani: fito zimeachiana nafasi, nyanya zinapumua.