Matumizi ya Kurasa za Masomo Mtandaoni na Video katika Ufundishaji Darasani

Ukurasa wa somo mtandaoni ni mahali ambapo mwalimu huweka muhtasari wa mada, video, mazoezi na maswali ya kujipima ili mwanafunzi avipate kabla au baada ya kipindi. Nyenzo hizo hazichukui nafasi ya mwalimu, bali humwongezea muda wa kuwahudumia wanafunzi darasani.

Miongoni mwa programu zinazotumika kuandaa kurasa hizo ni Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Programu hiyo ni huria, hivyo shule au chuo huweza kuitumia bila kulipia leseni.

Kwa upande wa video, mwaka 2007 walimu wa kemia Jonathan Bergmann na Aaron Sams, wa mji wa Woodland Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Baadaye wanafunzi wote walitazama maelezo nyumbani, na muda wa darasani ukatumika kwa mazoezi, majaribio ya maabara na kumsaidia mwanafunzi mmoja mmoja.

Nchini Tanzania, umuhimu wa nyenzo hizi ulidhihirika shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi Juni 2020 kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) inayo Maktaba Mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo.

Hata hivyo, si kila mwanafunzi ana simu, umeme au fedha za kununua bando. Mwalimu anayetegemea video zitazamwe nyumbani pekee huweza kuwaacha nyuma wale wenye uhitaji mkubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, inafaa video ipakuliwe mara moja, ihifadhiwe katika flashi na kuonyeshwa shuleni, na muhtasari wake uchapishwe.

Aidha, video iwe fupi, ihusu mada moja, iwe na sauti inayosikika vizuri na maandishi kwa wanafunzi viziwi. Maswali mawili au matatu yafuate, na majibu yake yamwoneshe mwalimu mahali pa kuanzia kipindi kinachofuata. Bila hatua hiyo, video hubaki kuwa ya kutazamwa tu, na mwanafunzi ambaye hakuelewa hatambuliki hadi siku ya mtihani.