Kichomeko, Si Kiingizo

Kuna orodha ya istilahi za michezo inayozunguka mezani kwa wahariri, na ndani yake kile kipande cha alumini kinachogundishwa kwenye mdomo wa mshale wa kaboni, ili kigumba kipate pa kukazwa, kimepewa jina la "kiingizo". Jina hilo nalikataa. Nililikataa kwa barua, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba kamati imekwisha kuridhia. Kwa kuwa mstari ule haukubeba hoja hata moja, nazitoa zangu hapa.

Kiswahili hakikuujua mshale jana. Uti wake una jina, wano, na wingi wake ni mawano. Uzi wa upinde ni upote. Mfuko wa mishale ni podo, na wengine huuita ziaka. Mwaka 2016 Shehzana Anwar alipobeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio, kisha akasimama kupiga shabaha mita 70 mbele yake, maneno haya yote yalikuwamo kamusini yakisubiri kutumiwa. Lugha yenye akiba ya namna hiyo haistahili kupachikwa jina lililokwanguliwa harakaharaka kutoka kitenzi kilichokuwa karibu na mkono.

Nalo "kiingizo" limekwanguliwa hivyo. Ingiza ni kauli ya kusababisha ya ingia, na ukoo huo umekwisha kujaa: kiingilio ni ada ya mlangoni, ingizo ni la watu wa kompyuta, kiingizi kilikuwa cha wanasarufi kabla hawajahamia kihisishi. Hayo yangevumilika. Lisilovumilika ni kwamba ingiza halizai kinyume chake. Ukitaka kukitoa kitu ulichokiingiza, huna budi kuazima "toa", kitenzi cha nyumba nyingine kabisa. Na kipande tunachokizungumzia thamani yake yote ni kwamba kinaingia na kinatoka.

Sasa tazama choma, kwa maana yake ya kudunga: choma mkuki, choma sindano. Kitie kiambishi cha kuweka mahali, kile kinachofanya kazi katika funika, bandika na anika. Kwa kuwa shina lina o, kiambishi hugeuka kuwa -ek-, nasi tunapata chomeka: chomeka kisu kiunoni, chomeka shati ndani ya suruali. Funika, bandika na anika zina vinyume vyake vya kutendua, funua, bandua na anua. Chomeka nalo linacho: chomoa. Hapa u ya funua imekuwa o kwa kuifuata ile ya shina, kama ilivyo kwa komea na komoa katika mlango wenye komeo. Kisha chomoa linazaa chomoka, na mambo yote yanayoweza kukipata kipande kile yamekamilika katika ukoo mmoja. Unakichomeka, unakichomoa, na siku mbaya kinachomoka chenyewe.

Siku hiyo kila mpiga mshale anaijua. Unaushika mshale uliozama katika povu la shabaha, unavuta, unabaki na wano tupu mkononi. Mdomo wake uko wazi, na pembeni umeachwa utepe wa gundi iliyokauka. Sijapata kumsikia mtu akisema mahali pale kwamba kiingizo kimetoka. Husema kimechomoka.

Kutoka funika tumepata kifuniko, na kwa kanuni ileile kutoka chomeka tunapata kichomeko, wingi vichomeko. Nimeambiwa litachanganywa na kichomeo, chombo cha kuunguzia. Kichomeo hutokana na chomea, kichomeko na chomeka, na konsonanti moja ndiyo inayobeba tofauti. Anayeweza kutofautisha paka na paa hawezi kushindwa hapa, na sikutarajia pingamizi hilo litoke kwa watu wanaolipwa kusoma maneno.

Mwenzangu mmoja, ambaye heshima yake inanizuia kumtaja, anapigania "kipachiko". Hoja yake ina uzito kuliko ile ya kamati, kwa sababu pachika ni kitenzi cha upinde tangu zamani. Lakini hapo hapo ndipo inapoanguka. Mshale hupachikwa kwenye upote. Kwa hiyo kipachiko ni haki ya kile kipande cha nyuma chenye ufa, kinachoupokea uzi. Tukikiita kipande cha mbele kwa jina hilo, mshale utakuwa na vipachiko viwili, kimoja kila ncha, na fundi atakayeagiza kimoja ataletewa kingine. Amejibiwa hivyo mara nyingi na hajajibu.

Kwa matumizi: futa ndani ya wano kwa spiriti, likauke. Kaza kigumba kwenye kichomeko, kwa kawaida kwa hesi namba 8 ya mizunguko 32 kwa inchi. Pasha moto kigumba, si wano, yeyushia kichomeko gundi ya fimbo ya joto dogo, kisukume ndani huku ukikizungusha ili gundi ienee. Kukichomoa, pasha kigumba tena na uvute kwa koleo. Moto usiguse kaboni, maana resini inayoshika nyuzi zake huharibika kwa joto na wano litapasuka bila kukuonya.

Ukitumia epoksi, kichomeko hakichomoki kirahisi, nacho nakiita kichomeko cha kudumu. Kile cha gundi ya moto ni kichomeko cha kuchomoa. Orodha ya kamati, kwa kuwa na ingiza peke yake, imelazimika kuandika "kiingizo kinachoweza kuondolewa", maneno matatu marefu ambayo hayatoshi hata kwenye kibandiko cha pakiti.

Na ile pete ya chuma inayovishwa nje ya mdomo wa wano lisipasuke, ambayo orodha imeiita "kiingizo cha nje", ina jina tangu enzi za visu: noleo, pete ya mpini pale bamba linapoingilia. Nimeliandikia barua ya pili.