Kyabazinga wa Busoga: Kiti cha enzi kilichozaliwa barazani Jinja

Anayetazama kasri la Igenge lililo kilimani mjini Jinja, karibu na mahali Mto Nile unapoanza safari yake, anaweza kudhani kwamba ufalme wa Busoga ni wa kale kama ule wa Buganda ulioko ng'ambo ya mto. Sivyo. Koo zinazotawala Busoga ni za kale kweli, lakini kiti wanachokigombea kina umri wa takribani karne moja tu, na aliyekikalia mwanzo, kabla hakijapata hata jina lake la leo, hakuwa Msoga.

Kabla ya Waingereza, Busoga ilikuwa nchi ya falme ndogo ndogo nyingi, nyingine zikiwa na ukubwa wa tarafa ya leo. Kila moja ilikuwa na mtawala wake, ngoma zake na makaburi yake ya kifalme. Upande wa kusini, simulizi za asili humtaja Kintu. Upande wa kaskazini humtaja Mukama, anayehusishwa na nasaba ya kifalme ya Bunyoro, ambaye yasemekana aliwaacha wanawe watawale alikopita.

Kwa wana hao wa Mukama ndiko zinakojinasibisha nyumba 5 za ukoo wa Baisengobi: Bugabula, ambayo mtawala wake huitwa Gabula, Bulamogi, yenye Zibondo, Kigulu, yenye Ngobi, Luuka, yenye Tabingwa, na Bukono, yenye Nkono. Ukizijumlisha na Bugweri, Butembe, Bukooli, Bunya, Busiki na Bunhole, unapata machifu 11 wa kurithi ambao hadi leo ndio nguzo za Busoga.

Kwamba nguvu zilijikusanya kaskazini si jambo la nasaba peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Victoria, na serikali ya kikoloni ikawahamisha walionusurika kutoka ufukweni. Bunya, milki ya Luba, ambako Askofu James Hannington aliuawa mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Chifu asiye na watu ana sauti ndogo barazani.

Mfalme wa Mbale aliyepelekwa Jinja

Waingereza, waliokuwa na uzoefu wa kutawala kupitia wana wa kifalme huko India, walitaka mtu mmoja wa kuzungumza naye badala ya machifu kumi na zaidi. Kwa kazi hiyo walimchagua Semei Kakungulu.

Kakungulu alikuwa jemadari wa Buganda, na kikosi chake kilikuwamo katika kampeni ya mwaka 1899 iliyowatia mbaroni Mwanga na Kabalega wa Bunyoro. Baada ya kushindwa katika ushindani na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, aliingia mashariki na wafuasi wake, akateka nchi kwa jina la Waingereza huku mwenyewe akitamani kuwa Kabaka wa Bukedi. Maofisa wa kikoloni walimwachia apigane, kisha wakamnyang'anya ngome yake ya Budaka. Akahamia chini ya Mlima Elgon, na makao aliyoyajenga huko yakawa chanzo cha mji wa Mbale.

Mwaka 1906 aliondolewa huko na kufanywa rais wa Lukiiko ya Busoga, yaani baraza la machifu, mjini Jinja. Pengine ilikuwa njia ya kumweka mbali na ufalme aliouota. Alileta mfumo wa utawala wa Kiganda, wenye masaza na magombolola, na kwa mara ya kwanza watawala waliokuwa sawa kwa sawa wakajikuta chini ya mwenyekiti mmoja. Wengi wao hawakumpenda. Mwaka 1913 aliondoka, akarudi Mbale akiwa amekata tamaa na Waingereza, na mwaka 1919 akaanzisha jumuiya ya Wayahudi wa Uganda, Abayudaya, ambayo ingali hai katika vilima vya Mbale. Alifariki mwaka 1928.

Zibondo dhidi ya Gabula

Kakungulu alikwenda, kiti kikabaki. Safari hii alikipata Msoga, Ezekieri Tenywa Wako, Zibondo wa Bulamogi. Mwaka 1939 alitwaa cheo kipya cha Isebantu Kyabazinga: baba wa watu, anayewaunganisha wote. Alipong'atuka mwaka 1949, machifu hawakumpa mwanawe. Walimchagua William Wilberforce Nadiope, Gabula wa Bugabula.

Hapo ndipo kanuni na mzozo vilipozaliwa pamoja. Kyabazinga huchaguliwa na machifu wa kurithi kutoka katika zile nyumba 5. Mwana harithi kiti cha baba. Mwaka 1955 kiti kilirudi Bulamogi kwa Henry Wako Muloki, mwana wa Zibondo yule, na katika miaka iliyofuata kikapokezanwa kati ya mahasimu hao wawili. Nadiope alipanda zaidi, akawa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia 1963 hadi 1966. Katiba ya mwaka 1967 ilizifuta falme zote nchini.

Muloki aliishi kuiona siku ya kurejeshwa. Alitawazwa tena mwaka 1995, akatawala hadi kifo chake Septemba 2008. Kisha yale ya zamani yakarudi: machifu waligawanyika, wengine wakimtaka Edward Columbus Wambuzi, mwana wa Muloki, wengine William Gabula Nadiope, mjukuu wa Nadiope wa kwanza. Mzozo ulifika mahakamani, na kwa takribani miaka 6 Busoga haikuwa na mtawala anayekubalika na wote.

Tarehe 23 Agosti 2014 machifu walimchagua Gabula, aliyetawazwa mwezi uliofuata kwa jina la Nadiope IV. Upande wa Wambuzi haukuridhia. Hata hivyo, Novemba 18, 2023, Kyabazinga alipofunga ndoa na Jovia Mutesi katika Kanisa Kuu la Bugembe, nje kidogo ya Jinja, Busoga ilipata Inhebantu, mama wa watu, baada ya miaka mingi.

Mbale nayo, ambako Kakungulu hakupata ufalme wake, ilifuata njia nyingine. Wamasaba hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja, na taasisi yao ya kitamaduni, Inzu ya Masaba, ilipomtawaza Umukuuka wa kwanza, Wilson Wamimbi, waliamua cheo kizunguke kati ya vizazi vya Mwambu, Wanale na Mubuya. Baada yake alifuata Bob Mushikori, kisha Jude Mike Mudoma, ambaye uteuzi wake nao ulipingwa na mshindani aliyedai kwamba yeye ndiye Umukuuka halali.