Mikopo ya Serikali na Maji ya Mto Sebeya



Askari aliyewahi kupangiwa zamu kwenye mpaka wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, anajua jambo ambalo humshangaza mgeni. Ziwa Kivu limelala miguuni pa mji, lakini maji ya kunywa ya mji hutegemea mto Sebeya. Maji ya mto huo huingia katika mtambo wa Gihira, yakachujwa na kutiwa dawa, ndipo yakasukumwa mabombani.

Mwezi wa Julai mwaka 1994, Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalipokomeshwa, jeshi lililoshindwa na wanamgambo wake walikimbia kupitia Gisenyi, wakiwa wamechanganyika na umati wa raia. Kwa siku chache tu watu wapatao laki nane waliingia Goma, ng'ambo ya mpaka. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano. Visima havichimbiki, wala vyoo. Watu wakanywa maji ya ziwa kama yalivyo. Kipindupindu kikazuka, kuhara damu kukafuata, na katika mwezi wa kwanza wakafa watu wanaokaribia 50,000, kando ya ziwa lililojaa maji. Jeshi la Marekani lilipokuja huko, miongoni mwa vitu vya kwanza lilivyoleta ni mitambo ya kusafisha maji.

Mitambo ya namna hiyo ni ghali, na nchi iliyopata Uhuru mwaka 1962 haikuwa na fedha hizo mkononi. Ilibidi kukopa. Mlango uliokuwa wazi zaidi kwa nchi maskini ulikuwa Shirika la Maendeleo la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia lililoundwa mwaka 1960. Masharti yake ya awali yalikuwa mepesi: mkopo ulilipwa kwa miaka 50, miaka kumi ya kwanza bila kurudisha kitu katika fedha yenyewe, na juu yake ada ya robo tatu ya asilimia moja kwa mwaka. Mkopo wa mwaka 1980 ungemalizika kulipwa mwaka 2030. Anayetia saini huwa si yeye atakayemaliza kulipa.

Sasa tupande kidogo, twende unakotoka mto. Sebeya hukusanya maji yake katika milima ya upande wa Gishwati. Msitu wa Gishwati ulikuwa miongoni mwa misitu mikubwa ya asili ya Rwanda. Katika miaka ya 1980, mradi mmoja wa misitu na mifugo, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki hiyo hiyo, uligeuza sehemu kubwa ya msitu huo kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Nia haikuwa mbaya. Nchi ilihitaji maziwa na mbao. Baada ya 1994 watu waliorejea kutoka uhamishoni, wasio na ardhi, walilima sehemu iliyosalia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 msitu uliopimwa kwa makumi ya maelfu ya hekta ulikuwa umebaki hekta zipatazo 600 tu.

Mwezi wa Aprili mwaka 2005 Rwanda ilikamilisha masharti ya mpango wa kuzisamehe nchi maskini zenye madeni makubwa, na mwaka 2006 sehemu kubwa ya madeni yake ya zamani ikafutwa. Deni lilifutwa kwa kalamu. Msitu haukurudi kwa kalamu.

Mwaka 2017 Serikali ilikopa tena, safari hii kwa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa ajili ya maji na usafi katika Kigali na miji sita, Rubavu ukiwa mmojawapo. Mtambo wa Gihira nao ulipanuliwa katika miaka iliyofuata. Sisi hatusemi kwamba kukopa kwa ajili ya maji ni kosa. Waliokufa Goma wanatosha kutujibu.

Lakini usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima hiyo iliyokwisha kuvuliwa miti. Sebeya ulivunja kingo zake, ukabeba nyumba na udongo wake. Katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130. Mtambo wa Gihira uliharibiwa pia, na mji uliozungukwa na mafuriko ukakosa maji ya kunywa. Wanajeshi na polisi waliotumwa kuokoa watu waliyaona hayo kwa macho yao.

Kipande cha Gishwati kilichosalia sasa kimo ndani ya hifadhi ya taifa, na miti inapandwa. Askari wanaoshika jembe pamoja na raia katika umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye vilima vya Sebeya, wanachimba matuta juu ya mji ambao mkopo wake wa maji wa mwaka 2017 bado unalipwa.