Kiwanda Kilitaka Mikono: Historia ya Wafanyakazi Wahamiaji wa China

Tunaponunua simu, redio au viatu sokoni, twasoma chini yake kwamba vimetengenezwa China, kisha twaendelea na safari yetu. Ni mara chache tunajiuliza aliyevitengeneza alitoka wapi, alilala wapi, na watoto wake walibaki na nani. Leo tunataka kumtafuta mtu huyo katika historia ya nchi yake, kwa maana historia hiyo yafundisha jambo moja zito: kuipokea kazi ya mtu si sawa na kumpokea mtu mwenyewe.

Jambo lilianza na daftari. Tarehe 9 Januari 1958, serikali ya China ilitoa sheria ya kuandikisha wakaaji, mpango ambao Wachina huuita hukou. Kila jamaa iliandikwa mahali pake, na kila mtu akahesabiwa kuwa wa shamba au wa mji. Wa mji alipata mgao wa nafaka, shule, matibabu na kazi ya serikali. Wa shamba alitegemea mavuno ya kijiji chake. Mtoto alirithi daraja la mama yake, hata kama alizaliwa mjini. Mwaka uleule, katika kampeni iliyoitwa Mruko Mkubwa, viwanda viliwaita wanavijiji kwa mamilioni. Njaa kuu ilipoikumba nchi, watu wapatao milioni 20 waliondolewa mijini na kurudishwa mashambani kati ya 1961 na 1963. Hivyo desturi ikajengeka mapema: mwanakijiji aliitwa kazi ilipozidi, akarudishwa chakula kilipopungua.

Miaka ishirini baadaye mlango ulifunguka kidogo. Mwishoni mwa 1978, wakulima wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, waligawana kwa siri mashamba ya ushirika, kila nyumba ikalima sehemu yake. Mtindo huo ulienea nchi nzima, mavuno yakaongezeka, na ikaonekana wazi kwamba mashamba hayakuhitaji mikono yote iliyokuwapo. Mwaka 1980 Shenzhen, ng'ambo ya Hong Kong, ilitengwa kuwa eneo maalumu la uchumi, na wenye mitaji wa nje wakaalikwa kujenga viwanda. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wanavijiji kuhamia miji midogo, kwa sharti kwamba wajitafutie nafaka yao wenyewe. Tulitafakari sharti hilo. Mji ulisema: njoo ufanye kazi, lakini usitarajie kula katika chungu chetu.

Walikuja kutoka Sichuan, Hunan, Henan na mikoa mingine ya bara. Katika viwanda vya nguo, vya michezo ya watoto na vya vyombo vya umeme, wengi walikuwa wasichana ambao hawakuwa wameolewa bado. Walilala katika mabweni ya kiwanda, wengi katika chumba kimoja, wakapeleka sehemu ya mshahara nyumbani. Kiwanda hakikulipa gharama ya kuwalea, na walipougua au kuchoka, kijiji ndicho kilichowapokea. Hiyo ndiyo siri mojawapo ya bei nafuu ya bidhaa zile.

Tarehe 19 Novemba 1993, moto uliwaka katika kiwanda cha michezo ya watoto cha Zhili, huko Shenzhen. Madirisha yalikuwa na vyuma, na milango ilikuwa imefungwa. Wafanyakazi 87 walikufa, karibu wote wanawake. Katika mabaki ziliokotwa barua walizoandikiwa na jamaa na rafiki zao, na wataalamu wa China wakazisoma. Barua hizo zilizungumza hasa juu ya mishahara, tena juu ya upweke. Mwaka uliofuata nchi ilipata Sheria ya Kazi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1995.

Kifo kingine kilitikisa taifa mwaka 2003. Sun Zhigang, kijana wa miaka 27 kutoka Hubei, mwenye elimu ya chuo kikuu, alikamatwa usiku katika mji wa Guangzhou kwa kuwa hakuwa na kibali cha kukaa mjini. Siku tatu baadaye alikuwa maiti, amepigwa akiwa kizuizini. Gazeti moja la mji huo lilithubutu kuandika habari zake, na wanasheria wakaandikia Bunge. Mwezi Juni mwaka uleule serikali ilifuta kanuni ya 1982 iliyoruhusu kuwakamata na kuwarudisha makwao wasio na vibali. Kisha mwaka 2008 sheria mpya ikalazimisha kila mwajiri kuandikiana mkataba na mfanyakazi wake.

Hatusemi kwamba hakuna mema yaliyotokea. Fedha zilizotumwa vijijini zilijenga nyumba na kusomesha watoto, na wasichana wengi walipata uhuru ambao mama zao hawakuujua. Lakini daftari halijafungwa. Mwaka 2023 wahamiaji hao walihesabiwa karibu milioni 300. Katika miji mikubwa, mtoto wao mara nyingi hulazimika kurudi mkoani kwa wazazi ili afanye mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kwa hiyo mamilioni ya watoto hulelewa na babu na nyanya, wakiwaona wazazi wao wakati wa sikukuu ya mwaka mpya tu.

Habari hii haiko mbali nasi. Kobalti inayochimbwa Kolwezi husafirishwa hadi China, husafishwa huko, na kuingia katika betri za simu zinazounganishwa na mikono hiyohiyo. Mchimbaji wetu na msichana wa bwenini hawajuani, lakini kazi zao hukutana ndani ya kitu kimoja tunachokishika kila siku. Basi tunapohesabu faida ya mgodi au kiwanda, tuongeze swali ambalo daftari la 1958 halikuliuliza: huyu anayefanya kazi hapa, je, mtoto wake anasoma wapi, naye akizeeka atapokewa na nani?