Mashine Ndani ya Mashine

Msomaji, huenda umepata kuona kompyuta moja ikifanya kazi ya mbili. Katika kioo chake pana dirisha, na ndani ya dirisha hilo mna kompyuta nyingine nzima. Huwashwa na kuzimwa peke yake. Ina diski yake na kumbukumbu yake. Na mfumo wake wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayozitawala programu nyingine zote, si ule wa kompyuta iliyoibeba. Nje ni Windows, ndani ni Linux. Kompyuta hiyo ya ndani haina chuma wala waya, wala huwezi kuigusa kwa kidole. Huitwa mashine pepe. Mfumo ukaao ndani yake huitwa mgeni, na ule unaompokea huitwa mwenyeji. Usidhani kuwa hii ni hila ya juzi. Habari yake yaanza mwaka 1964, na tangu hapo swali lake kubwa limekuwa moja: je, mwenyeji aweza kumpa mgeni nyumba nzima pasipo kumkabidhi funguo zote?

Siku hizo kompyuta ilijaza chumba kizima, na bei yake haikuweza kulipwa ila na serikali, chuo kikuu au kampuni kubwa. Aliyetaka hesabu zake zifanywe hakuruhusiwa kuikaribia. Aliiandika programu yake katika kadi zilizotobolewa matundu, akamkabidhi mtunza mtambo, kisha akaenda zake kungoja kwa saa nyingi. Akikosea alama moja, alirudishiwa kadi zake na siku imempotea. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha njia nyingine: watu kadhaa wakae, kila mmoja mbele ya mashine yake ya kupiga chapa, na mtambo uwazungukie kwa zamu, kila mmoja kitambo kidogo sana, kwa wepesi hata kila mtu ajione kuwa yu peke yake.

Wazo lilipendeza, lakini lilizaa mashindano. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta za aina mpya, System/360, na mitambo hiyo haikuwa na kifaa ambacho MIT ilikihitaji kwa kazi ya kushirikiana: kifaa cha kutafsiri anwani za kumbukumbu, ili programu ya mtu huyu isiingie katika eneo la yule. MIT ikachagua mtambo wa General Electric. Lilikuwa pigo kwa IBM. Katika mji wa Cambridge, Massachusetts, ndani ya jengo walimofanya kazi pia watu wa MIT, IBM ilikuwa na ofisi ndogo ya utafiti chini ya Norman Rasmussen. Na humo Robert Creasy na Les Comeau wakaanza kubuni mfumo wa kushirikiana kwa njia ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa na werevu kuliko ile ya wakubwa wao.

Wengine walitaka kuandika mfumo mmoja mkubwa utakaomjua kila mtu na kumtimizia kila haja. Creasy na Comeau waliigawa kazi sehemu mbili. Programu moja iliugawa mtambo halisi katika mitambo ya kudhaniwa, kila mmoja ukiwa kamili mfano wa ule halisi. Kisha kila mtu alitia katika mtambo wake mfumo autakao, hata mfumo mwepesi usiojua kuhudumia watu wawili, kwa kuwa ulikuwa na bwana mmoja tu. Walichukua System/360 ya namna ya 40, wakaiongezea kile kifaa cha anwani, na kufikia Januari 1967 mfumo wao, ulioitwa CP-40, ulikuwa kazini. Uliweza kubeba mashine pepe 14, kila moja na kumbukumbu ya kilobaiti 256. Picha moja uipigayo leo kwa simu mara nyingi haienei humo.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana ndipo penye kiini. Prosesa ya kompyuta ina hali mbili. Katika hali ya enzi hutii kila amri, hata ile ya kuusimamisha mtambo au kuandika popote diskini. Katika hali ya raia hutii amri za kawaida tu, kama kujumlisha na kulinganisha. Ikiletewa amri ya enzi huikataa na kumpigia mbiu mtawala. Basi mwenyeji hujiwekea hali ya enzi peke yake. Mgeni, hata akiwa ni mfumo uliozoea kutawala, huwekwa katika hali ya raia bila kuambiwa. Akiamuru diski isomwe, prosesa humkatalia na kumwita mwenyeji. Mwenyeji hutazama ni nani aliyeamuru, humsomea katika fungu lake mwenyewe la diski, kisha humrudisha pale pale alipoachia. Mgeni hana habari. Amri zake nyingine hupita moja kwa moja katika prosesa, ndiyo maana mwendo haupungui sana.

IBM yenyewe iliweka matumaini yake katika mfumo mwingine, TSS/360, uliojengwa na watu wengi. Ulichelewa, ukaenda pole, na mwaka 1971 ukaachwa. Kazi ya wale wachache wa Cambridge ilidumu. Tarehe 2 Agosti 1972 kampuni iliitangaza kwa jina la VM/370, na uzao wake, z/VM, ungali unatumika katika mitambo mikubwa ya IBM. Waliofaidi sana ni watengenezaji wa mifumo wenyewe, kwani mfumo mpya ukianguka ndani ya mashine pepe, huiangusha mashine hiyo tu, na jirani hasikii kishindo.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliiandika kanuni ya jambo hili: kila amri iwezayo kugusa mambo ya enzi, sharti ikataliwe na kutangazwa inapotolewa na raia. Kanuni ni fupi, lakini iangalie vema, maana ndiyo iliyovunjwa. Katika miaka ya 1980 kompyuta zilishuka bei, watu wakawa na zao mezani, na wachache waliona haja ya kugawa kitu kidogo. Prosesa za Intel zilizoenea duniani hazikuifuata kanuni hiyo. Katika Pentium wachunguzi walihesabu baadaye amri 17 zenye kasoro. Mojawapo ni POPF, ambayo pamoja na kazi nyingine huweza kuvizuia vifaa visiikatize prosesa kazini. Ikitolewa na raia, prosesa haiitii sehemu hiyo, wala haimwiti mwenyeji, hunyamaza tu. Mgeni hudhani amefunga mlango, kumbe u wazi, na mwenyeji hakuambiwa neno.

Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Mendel Rosenblum, Edouard Bugnion na Scott Devine waliifufua kazi hiyo kwa programu waliyoiita Disco, katika mtambo usio wa Intel. Mwaka 1998 wakaungana na Diane Greene na Edward Wang kuanzisha VMware, na mwaka 1999 wakatoa mashine pepe kwa kompyuta za mezani zenye zile prosesa zenye kasoro. Dawa yao ilikuwa kuyasoma maandishi ya mgeni kabla hayajaifikia prosesa, kuziondoa amri za hatari na kutia nyingine salama mahali pake. Cambridge ya Uingereza, usiichanganye na ile ya Marekani, ilitoa Xen mwaka 2003, nayo ilishika njia ya adabu: mgeni abadilishwe ajue kuwa ni mgeni, aombe badala ya kuamuru. Hilo liliwezekana kwa Linux, ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Mwishowe watengenezaji wa prosesa walisahihisha wenyewe, Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006.

Mwaka huo wa 2006 Amazon ilianza kukodisha mashine pepe kwa saa, juu ya Xen, na sehemu kubwa ya huduma hiyo ilitengenezwa na kikundi cha watu huko Cape Town, Afrika Kusini. Likumbuke hilo utakapoambiwa kwamba mambo haya hubuniwa mbali nasi. Hivyo leo mtu aliye Kisumu aweza kukodi kompyuta asiyoiona, iliyogawanywa kati yake na watu asiowajua.

Na hapo lile swali la funguo likarudi kwa ukali. Agosti 2018 ilitangazwa kasoro ya prosesa za Intel iliyopewa jina la Foreshadow. Prosesa hizo hukisia kazi ijayo na kuianza mapema, na katika kukisia hazikungoja ruhusa. Basi mgeni mwenye hila aliweza kuchungulia siri za mwenyeji na za wageni wenzake. Kosa halikuwa katika programu, lilikuwa katika chuma. Wenye mitambo walitia viraka, na wengine wakauzima ule uwezo wa kiini kimoja cha prosesa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa wageni wawili hawakuweza tena kulazwa kitanda kimoja. Usalama wakaupata, na sehemu ya mwendo waliokwisha kuulipia wakaiacha.